Mwenye kujua miwani ya kuvaa mbele ya tanuri la vioo anisaidie, macho yanawasha kila jioni

kijana_wa_mtwapa

Assalam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo nyote. Nina swali la kazi na naomba mwenye kujua kikweli anijibu, tusikisie, maana ni macho haya.

Mie niko karakana ya vioo huku upande wa Mtwapa. Tunaponda chupa kuukuu, tunaziyeyusha na kupuliza glasi za maji, vesi za maua na vile vibuyu vya taa ambavyo mahoteli ya ufuoni wanaagiza. Zamani kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kuponda tu, sasa fundi mkubwa ameshanishikisha bomba, nachota kioo mwenyewe na kupuliza, na jioni kukiwa na oda ya shanga nakaa kwenye moto wa gesi na oksijeni. Shida yangu ni kwamba ukichota lazima uchungulie mdomo wa tanuri uone kioo kimejikusanya vipi kwenye ncha ya bomba, na ule mwangaza ni mkali jamani, nikitoka pale naona doa la manjano linaelea mbele yangu kwa muda, na ikifika magharibi macho yanawasha yana mchanga na mekundu hadi mamangu ameniuliza nimeanza kutumia nini.

Bosi ametununulia miwani ya jua nyeusi ti, zile za kuuzwa barabarani. Mwangaza unapungua kweli lakini macho jioni ni yale yale. Rafiki yangu welda akaniazima kioo chake namba 11, nilivyovaa sikuona bomba wala mguu wangu. Halafu kuna mtu mtandaoni anauza miwani ya rangi ya zambarau, yuasema ndiyo wanayovaa wapuliza vioo dunia nzima, yaitwa didimiamu, na bei yake inamaliza mshahara.

Kinachonitia hofu zaidi ni fundi wetu mkubwa. Amefanya kazi hii miaka na miaka kabla hajahamia pwani, na juzi juzi jicho lake la kushoto limepasuliwa mtoto wa jicho na hata uzee hajaingia. Daktari kitu cha kwanza alimuuliza ni kazi yake.

Je ni kazi kweli inaleta hayo ama ni bahati yake tu? Na ninunue miwani gani?

---

mzee_wa_tanuri

Waaleikum salaam kijana wangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema, sisi wengi tuliuliza tukiwa tumeshazeeka kazini.

Nilifanya kazi kiwanda cha chupa miaka mingi, upande wa bara na huku Changamwe, jina la kampuni wacha. Mtoto wa jicho wa watu wa vioo ni kitu kinachojulikana kabisa, si bahati ya fundi wako. Hebu muulize kitu kimoja, akikaa kwenye benchi lake tanuri lilikuwa upande gani. Naona kama ninajua jibu. Jicho lililo upande wa moto ndilo huanza, na mafundi wengi wanaotumia mkono wa kulia hukaa ubavu wa kushoto ukiwa umeelekea motoni.

Sasa nisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea. Kutoka kwenye tanuri kunakuja vitu viwili, mwangaza na miale ya joto. Mwangaza unauona, unakukera, unakunja uso, unageuka. Miale ya joto, ile inaitwa infraredi, huioni kabisa, unaihisi tu kwenye ngozi, na kwa tanuri la nyuzi 1100 hivi karibu nguvu zote zinazotoka ni za hiyo msiyoiona, mwangaza ni sehemu ndogo mno. Kwa hivyo kinachokukera na kinachokudhuru si kitu kimoja. Miwani ya bosi wako inaondoa kero na kuacha madhara yapite.

Tena inaweza kuzidisha. Ukivaa kioo cheusi mboni inapanuka ikitafuta mwanga, na vile hukereki tena unakaza macho pale mdomoni muda mrefu kuliko ungekuwa na macho matupu. Ikiwa kile kioo hakizuii joto, mlango umeufungua wazi na ukasimama hapo hapo.

Na moto ukipanda madhara hayapandi kidogo kidogo. Tanuri la kiwandani la chupa linafika nyuzi 1500 hivi, na ukilinganisha na la nyuzi 1100, kila kipande cha tundu kinatoa joto karibu mara tatu. Juu ya hayo miale yenyewe inasogea kuelekea ile aina inayopenya ndani ya jicho. Najua mafundi wa chupa kuukuu wanavyopenda kuchochea moto, kwa sababu kioo cha chupa kinaganda haraka, ukikigusa mara mbili tatu kimeshakuwa kigumu. Nakuelewa. Lakini kila ukiongeza moto ujue na macho yanalipa.

Kuhusu namba 11 ya welda, hiyo ni ya umeme, kwa kazi yenu haifai, ukivaa utajichoma kwa kutoona. Kazi ya kioo yataka uone rangi. Mie nilikuwa natambua kioo kiko tayari kwa rangi yake pale ncha ya bomba, kikitoka ni njano iliyofifia, kisha chungwa, kisha wekundu unaingia pembeni kwanza pale kioo ni chembamba, na ukiona wekundu umefika katikati umeshachelewa, rudisha motoni. Miwani ikikuficha hayo utaivua, na miwani iliyovuliwa haina kazi.

Kwa tanuri tafuta ile ya kijani, shedi (kiwango cha giza la kioo) namba 3. Namba 2 kama hata 3 unaona giza. Wengine watakueleza habari ya shanga, mie si mtu wa shanga.

---

binti_shanga_kisauni

Shikamoo mzee. Na wewe kaka wa Mtwapa pole sana.

Kwa moto wa shanga naweza kukusaidia maana ndiyo kazi yangu, nakaa mbele ya moto kutoka asubuhi. Hiyo didimiamu ya zambarau si utapeli, ni kitu cha kweli, lakini muuzaji amekupa nusu ya habari. Kioo cha kawaida kina sodiamu ndani, ukikitia motoni inawaka ule ukali wa manjano unaofunika kila kitu, huoni shanga iko vipi, unaona tu mpira wa njano. Didimiamu inakata hiyo njano peke yake, iko pale kwenye nanomita 589 (nanomita ni kipimo cha mawimbi ya mwanga), na ukiivaa mara ya kwanza utashangaa, ule moto wa njano unatoweka na unaona kioo chenyewe ndani ya moto, nyuzi za rangi, mapovu, hata ncha ya fimbo inapoanza kulegea. Mie bila hiyo siwezi kutengeneza jicho la shanga likakaa katikati.

Lakini sasa, kwa joto haifanyi la maana. Infraredi nyingi inapita. Kwa shanga ndogo za kioo laini, moto mdogo, watu wengi wanatumia hiyo tu na wanakaa mbali kidogo. Kwa tanuri haitoshi! Usije ukaivaa ukachungulia mdomo wa tanuri siku nzima ukijiona umekingwa. Na ukianza kutumia kile kioo kigumu cha vyombo vya maabara, borosiliketi, moto unaotaka ni mkubwa zaidi na hapo wanavaa kioo cha didimiamu kilichounganishwa na kijani cha welda shedi 3 mpaka 5. Kuna miwani zina sehemu mbili, juu nyepesi chini nzito, unainamisha kichwa tu. Wanaofanya kwatsi, kile kioo kinachotaka moto mkali kuliko vyote, ndio wanahitaji zaidi ya hapo, maana ule weupe wake unatoa na UV pia, yaani miale ya urujuanimno, lakini nadhani Mtwapa hamfanyi kwatsi.

Kwa hivyo usimalize mshahara kwa ajili ya tanuri. Anza na kijani, ile ya watu wa kukata chuma kwa gesi. Hadiwea za Mwembe Tayari hukosi, ila usinunue kwa rangi, angalia maandishi kwenye kioo chenyewe ama kwenye fremu. Za Marekani zinaandikwa Z87 na herufi, W na namba ni shedi ya welda, R na namba ndiyo ya infraredi, U ni ya UV. Za Ulaya utaona namba ya infraredi inaanza na 4, mfano 4-3, na ya welda ni namba tupu. Isiyo na maandishi yoyote wachana nayo hata iwe kijani vipi. Rangi mtu yeyote anaweza kuipaka kwenye plastiki.

Kitu kingine, kuna njia ndogo ya kujaribu nyumbani. Chukua rimoti ya tivii, fungua kamera ya simu (ile ya mbele huwa bora, ya nyuma nyingi zimezibwa), bonyeza rimoti ukiielekeza kwa kamera, utaona taa ndogo inawaka ambayo kwa macho huioni. Hiyo ni infraredi. Sasa weka kioo cha miwani katikati. Mie nimejaribu na miwani ya jua ya barabarani, taa ikapita kama vile hakuna kitu. Nikajaribu kijani shedi 5, ikazimika. Ila ujue rimoti ni aina moja tu ya infraredi, kioo kikishindwa hapo basi kimeshindwa, kikifaulu bado unataka maandishi.

---

Jomvu_Original

Wazee wetu wamefua chuma na kuchoma makaa mbele ya moto miaka yote bila miwani na walikuwa wanaona ndege juu ya mnazi. Kula karoti, kunywa maji, osha macho na maji baridi. Hizi miwani ni biashara ya watu.

---

nesi_wa_macho

Jomvu_Original ndugu yangu, kwa heshima, hili usilirahisishe. Karoti zinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini A, hazizuii mwale wa joto. Na hao wazee wanaoona ndege umewakumbuka kwa sababu wanaona, wale waliokaa barazani wakiongozwa na wajukuu hatukuuliza walikuwa wakifanya kazi gani.

Kaka wa Mtwapa mie nafanya kazi kliniki ya macho hapa Mombasa, wacha nikueleze jicho linavyopata shida kisha ujue kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa.

Jicho mbele lina konea, ule utando angavu wa nje, nyuma yake kuna ile sehemu ya rangi yenye mboni, na nyuma yake ndiko kuna lenzi. Infraredi ya mawimbi marefu inaishia kwenye konea na machozi, hiyo unaihisi inachoma na unarudi nyuma. Ya mawimbi mafupi, kutoka pale mwanga mwekundu unapoishia hadi nanomita 1400 hivi, inapita konea na kufika ndani. Nyingine lenzi inainywa yenyewe, nyingine inainywa ile sehemu ya rangi ikapata moto na kuipasha lenzi iliyo nyuma yake. Na lenzi haina mishipa ya damu ya kuipoza, tena haina maumivu. Ndiyo sababu mtu anafanya kazi miaka kumi, kumi na tano, ishirini, hasikii chochote, halafu siku moja taa za magari usiku zinaanza kumtawanyikia. Huyo tayari lenzi ina ukungu.

Jambo hili halikuanza jana. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika mwaka 1700 kuhusu macho ya watu wa vioo. Mwaka 1908 Royal Society ya London iliunda kamati ya kuchunguza mtoto wa jicho wa wafanyakazi wa vioo, na mwanakemia William Crookes akajaribu mamia ya aina za vioo akitafuta kitakachozuia joto huku mtu akiendelea kuona. Matokeo yake yalichapishwa 1914. Aliona kwamba chuma kikiwa ndani ya kioo kwa hali fulani, ile inayokipa rangi ya kijani, kinazuia joto vizuri, na seriamu inazuia urujuanimno. Kwa hivyo ile kijani anayosema mzee na dada wa Kisauni haikuja hivi hivi. Lakini tafadhali usichukue kipande cha chupa ya kijani ukajitengenezea, unene na kipimo chake hukijui.

Sasa macho yako. Wekundu na mchanga wa jioni kwa maelezo yako naona zaidi ni ukavu, hewa ya moto usoni, vumbi la chupa mnazoponda, na mtu akikaza macho kwenye kioo anasahau kupepesa. Hiyo si mtoto wa jicho na usilale ukiwa na hofu. Doa la manjano likiondoka ndani ya dakika chache ni mwanga mkali umechosha jicho. Likikaa, au katikati ya unachokiangalia pakawa na kivuli kisichoondoka, hiyo ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, njoo siku hiyo hiyo usingoje. Na ukiamka usiku machozi yanamwagika na mwanga hauvumiliki, saa kadhaa baada ya kazi, hiyo ni konea imeunguzwa na UV, mawelda wanaijua vizuri.

Nikuombe kitu kimoja kwa moyo wote. Usiende duka la dawa ukanunua matone ya kuondoa wekundu kila wiki. Mengine yana steroidi ndani, deksamethasoni na wenzake, unaweka leo jicho linakuwa jeupe kesho unafurahi, na ukiendelea nayo bila kupimwa inaleta mtoto wa jicho yenyewe na inapandisha presha ya jicho hadi mshipa wa kuonea, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, unakufa. Mtoto wa jicho tunampasua na kuweka lenzi ya plastiki, mtu anaona tena. Mshipa uliokufa kwa presha haurudi! Nimeona vijana wa umri wako wamepoteza jicho namna hiyo na inaniuma sana kwa sababu chupa ile ya matone ilikuwa ya bei ya chai.

Kapimwe sasa ukiwa mzima, ili tuwe na rekodi ya kulinganisha baadaye. Coast General wana kliniki ya macho, kuna Lighthouse for Christ hapa mjini, na ng'ambo ya kusini kuna Kwale Eye Centre. Waambie unafanya kazi ya kuyeyusha vioo, watatia matone ya kupanua mboni na kuangalia lenzi kwa darubini yao. Siku hiyo usiendeshe pikipiki kurudi. Baadaye kila mwaka.

Na mpe fundi mkubwa salamu zangu, yule jicho la kulia bado analo, avae miwani kuanzia leo.

---

Omar_usalama

Nimesoma yote na nimefurahi watu wanajibu kwa ujuzi. Niongeze upande wa sheria kwa ufupi.

Miwani si jukumu la mshahara wako kaka. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, ile OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa kwa hatari iliyopo, na wewe nawe inakutaka uvivae. Miwani ya jua ya barabarani si kifaa kinachofaa hata kama bosi ametoa pesa zake. Mkiwa wafanyakazi ishirini na zaidi mnatakiwa muwe na kamati ya usalama, mkiwa wachache bado wajibu wake uko pale pale. Na fundi wako, ikiwa daktari ataandika kwamba lenzi imeharibika kwa sababu ya kazi, kuna sheria ya fidia kazini, WIBA ya 2007, inayoshughulika na maradhi yatokanayo na kazi, asitupe karatasi zake za hospitali, aulize ofisi ya usalama kazini ya serikali hapa Mombasa.

Lakini kwa karakana ndogo ya watu wachache mie singeanza na sheria. Bosi hakukataa, alinunua, ila alinunua bila kujua. Nenda naye dukani. Mwonyeshe ile ya rimoti aliyosema binti wa Kisauni, aone kwa macho yake taa ikipita kwenye miwani aliyonunua. Mtu akijionea hamtabishana.

---

kijana_wa_mtwapa

Wallahi sina la kusema, Mungu awalipe. Mzee nimemuuliza fundi, tanuri lilikuwa kushoto kwake kazi yote aliyofanya huko nyuma. Akanyamaza kidogo akaniambia basi tuhamishe benchi.

Ya rimoti nimefanya na bosi akiwepo. Taa imepita mbele yake kwenye miwani yote aliyotununulia. Hakusema neno, ameahidi tutaenda Mwembe Tayari pamoja.

Maswali mawili yamebaki. Mie navaa miwani ya kuonea mbali, sioni vizuri bila hiyo, nitavaa vipi ya kijani juu yake. Na pili huku kaskazi ikishaingia jasho linatiririka, miwani ya kufunga pembeni inajaa mvuke dakika mbili hivi huoni, ndiyo maana wenzangu wanazivua. Mtu afanyeje?

---

mzee_wa_tanuri

Kuhamisha benchi ni neno la fundi anayejua kazi, mpe heko yake. Mkihamisha fanyeni na haya mengine, maana miwani ndiyo ya mwisho, kwanza punguzeni moto unaowafikia.

Mlango wa tanuri. Karakana nyingi ndogo nimeona mdomo uko wazi kutwa kwa sababu mtu anachota kila mara na mlango ni mzito wa kusukuma. Tengenezeni milango miwili midogo ya kuteleza, tundu libaki la ukubwa wa kupitisha bomba na kioo tu, mkichota kitu kikubwa mnafungua zaidi. Kila kipande mnachoziba ni joto lisilofika usoni, na gesi yenu pia itapungua, hiyo mwambie bosi mapema maana ndiyo atakayoisikia kwa haraka.

Kisha kinga kati ya tanuri na benchi. Bati la alumini linalong'aa, upande wa kung'aa uelekee motoni, linarudisha sehemu kubwa sana ya joto. Bati la chuma lililoshika kutu linapata moto lenyewe na kuanza kuwachoma nyinyi, nimeona watu wameweka wakashangaa. Liwe juu kiasi cha kufunika uso wa mtu aliyekaa, chini muache nafasi ya hewa kupita.

Umbali nao. Mdomo ukiwa mdogo, ukirudi nyuma mara mbili ya pale uliposimama joto linabaki kama robo. Ninyi mnapenda kusimama karibu sababu bomba ni zito, basi wekeni chuma cha kulalia bomba kwa mbele, likae pale ukilizungusha, mikono haichoki na uso uko nyuma. Pima hivi, inua mkono, mgongo wa mkono uwe usawa wa macho yako pale unaposimama kawaida. Ukishindwa kuuacha pale kwa utulivu, jua macho hapo yanapokea joto kupita kiasi kwa mbali sana, kipimo kinachokubaliwa kwa mtu wa kukaa kutwa ni wati 100 kwa mita mraba, na joto la kuchoma ngozi limeshapita hapo mara nyingi.

Jasho na mvuke. Badala ya miwani ya kufunga pembeni, kwa mtu wa tanuri mie napendelea ngao ya uso ya kijani inayofungwa kichwani, inaning'inia mbele, hewa inapita chini, na mashavu nayo yanapona. Ziko hata zilizopakwa dhahabu nyembamba kabisa, hizo zinarudisha joto vizuri sana, bei yake lakini ni ya viwanda vikubwa. Ya kijani yenye maandishi inatosha kwenu. Ukimaliza kuchota unainua juu, unapuliza, unashusha tena ukirudi motoni.

---

binti_shanga_kisauni

Mzee amemaliza, na ngao hiyo hiyo inajibu swali lako la kwanza kaka, unaivaa juu ya miwani yako ya kawaida bila shida. Kwa shanga ambako ngao inagonga mikono tafuta kijani ya kuvaa juu ya miwani, zipo pana zenye nafasi pembeni, ama vioo vya kubana mbele ya fremu yako, ila hakikisha vinafunika jicho lote na si katikati tu, maana moto wa shanga uko chini na wewe unaangalia chini. Ukienda dukani nenda na miwani yako ukajaribu pale pale.

Na kioo cha kijani cha plastiki kikipigwa na vipande vya kioo kinachoruka kinajaa mikwaruzo, ukianza kuinua ili uone vizuri basi kimekwisha, badilisha. Mie naweka cha akiba kwenye droo.

---

nesi_wa_macho

Na wakati wa kuponda chupa vaa miwani nyeupe ya kufunga, hiyo ya polikaboneti. Inazuia vipande na vumbi, na UV pia. Joto haizuii hata kidogo kwa hivyo usiende nayo kwa tanuri. Mbili tofauti, moja ya kuponda, moja ya moto, ziandike kwa kalamu kwenye mkono wa fremu wenzako wasichanganye.

Ukishapimwa rudi hapa utuambie walivyosema.

---

kijana_wa_mtwapa

Nimeelewa. Alhamisi sina zamu, nitakwenda Coast General asubuhi na fundi naye amesema tutaenda sote, kwa basi, pikipiki tunaiacha. Mwembe Tayari ni Jumamosi na bosi. Shukran sana jamani.